Stakabadhi ya Marehemu

Hotuba kwa wazee wa kanisa na viongozi wa vijana

Bwana Yesu asifiwe!

Baba wachungaji, wainjilisti, wazee wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango, nashukuru kwa nafasi hii. Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya "Neema na Utaratibu". Nilipoisoma nilicheka kidogo. Kwetu, neno neema likiwekwa jirani na neno utaratibu, ujue utaratibu ndio utakaokula muda wote na neema itaachiwa dakika tano za sala ya kufunga. Leo naomba tugeuze.

Naanza na daftari.

Niliwahi kuwa mtunza hazina wa usharika mmoja kwa miaka sita. Usharika wenyewe sitautaja, na hakuna haja, kwa sababu aliyekosa ni mimi. Kila kaya ilikuwa na namba yake ya bahasha ya sadaka. Jumapili jioni tulikaa watu watatu kwenye chumba cha ofisi, tunafungua bahasha, tunajaza daftari: ahadi safu hii, jengo safu ile, shukrani mwisho. Aliyepitisha mwaka bila kutoa, jina lake lilipigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Kalamu hiyo niliinunua mwenyewe, maana ya ofisi ilikuwa ikivuja.

Alhamisi moja akafariki mama mmoja wa mtaa wetu. Mumewe alikuwa ameanguka kiharusi, analala tu, na mama ndiye aliyekuwa akiamka saa kumi za usiku kukaanga vitumbua ili nyumba ipate kula. Bahasha yake ilikuwa na miezi kumi na tisa haijarudi. Kijana wake akaja ofisini kuomba huduma ya mazishi. Nikafungua daftari, nikaona wekundu, nikamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, utaratibu unaujua. Mama alikuwa na deni." Sauti ile naikumbuka hadi leo. Ilikuwa sauti nzuri, ya kichungaji. Kijana akaniuliza, "Deni kwa nani, baba?"

Nikadhani ananijibu jeuri.

Akarudi msibani, watu wakachanga. Baadaye nilikuja kujua kwamba waliochanga zaidi ni wauza genge wenzake mama, na wengi wao ni Waislamu. Saa nane mchana kijana akarudi na mfuko wa nailoni: noti zimekunjwakunjwa, sarafu chini. Nikahesabu. Nikatoa kitabu cha stakabadhi, nikapachika karatasi ya kaboni, na palipoandikwa "Zimepokelewa kutoka kwa" nikaandika jina la mama yule aliyekuwa amelala ndani ya jeneza. Nikapiga mhuri. Nikampa kijana karatasi ya juu, nakala ikabaki kitabuni.

Saa kumi tukazika. Mwinjilisti akasimama kando ya kaburi akasoma Waefeso sura ya pili: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Nami nimesimama hapohapo, mkoba kwapani, kitabu cha stakabadhi ndani ya mkoba.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikitafuta jina la nilichokifanya. Haukuwa wizi, kwa sababu kila shilingi iliingia benki. Ukatili wa makusudi haukuwa pia, maana mama yule nilimheshimu na vitumbua vyake nimevila sana. Nilipopata jina lake, nililipata kwenye waraka wa Paulo kwa Wagalatia, na nililipata kwa sababu naisoma Biblia kwa Kiswahili.

Fungueni Wagalatia tano, mstari wa kwanza, kwenye Biblia yetu ya Muungano, ile iliyotoka 1952: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Tumeusoma mara ngapi? Hebu tuusome kama ambavyo angeusikia bibi wa bibi yako wa Bagamoyo.

Kongwa, vijana, ni gogo lenye panda. Shingo ya mtu iliingizwa kwenye panda, ikafungwa kwa nyuma, na mti ukafungamanishwa na wa mwenzake, msafara ukaanza kutembea. Njia ile kutoka Ujiji kupita Tabora mpaka Bagamoyo iliwaona wengi wa namna hiyo. Sasa sikilizeni: neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni zygos, na Bwana Yesu katika Mathayo kumi na moja, "Jitieni nira yangu", ni zygos hilohilo. Neno ni moja. Lakini watafsiri wetu hawakuliweka moja. Kwa Yesu wakaandika nira, mti wa ng'ombe wawili wanaolima bega kwa bega. Kwa sheria inayodai kuokoa wakaandika kongwa. Hakuna mtu wa pwani ambaye angesikia kongwa akawaza ng'ombe. Mahubiri mengi niliyosikia juu ya mstari huu hayajafikia alichosema mtafsiri kwa kuchagua neno moja tu.

Na hilo "alituandika huru" si pambo. Bwana aliyemwacha mtumwa wake alimwandikia hati mbele ya mashahidi, na hati ile ndiyo iliyokuwa kinga yake barabarani. Lakini wazee wa pwani watakwambia jambo la pili: kuandikwa huru hakukufanyi mwungwana. Huru aliendelea kutajwa kwa jina la aliyekuwa bwana wake, akaendelea kukaa nyuma kwenye karamu, na ukoo wake ulijulikana. Uungwana ulikuwa wa kuzaliwa nao. Kwa hiyo sentensi yetu, "katika ungwana huo Kristo alituandika huru", ingemshangaza kila mtu wa mji. Wanaachwa huru kisha wanahesabiwa waungwana, watoto wa nyumbani? Ndiyo. Mwisho wa sura ya nne Paulo ametoka kusema hivyohivyo: sisi si watoto wa mjakazi.

Niongeze kidogo historia, maana Unguja hapa ni jirani. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale. Tunapenda kusimulia habari hiyo, na ni njema. Tunachosahau ni kwamba watumwa waliokuwa tayari mikononi mwa mabwana walibaki watumwa. Amri ya 1897 ilipokuja, haikuwaacha huru wote kwa pamoja. Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani aombe, aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujilisha. Na bwana ndiye aliyelipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Wengi hawakwenda kabisa. Ungeenda wewe? Unatoka kwa bwana unayemjua, unakwenda kwa karani usiyemjua, akuulize maswali.

Mimi nilikuwa karani huyo. Kristo amekwisha kuandika hati, amelipa fidia yeye mwenyewe (na tafadhali msiniulize alimlipa nani, wanateolojia wamegombana juu ya hilo karne nyingi na chakula cha mchana kinakaribia), halafu mimi naweka meza mlangoni na kusema: subiri, tuone kama una makazi na njia ya kujilisha.

Sasa tuje Antiokia. Wagalatia mbili. Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, anachovya nao, anacheka nao. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, "alirudi nyuma akajitenga, huku akiwaogopa waliotahiriwa". Angalieni kwa makini Petro alifanya nini. Hakuhubiri uongo. Hakubadilisha fundisho hata nukta. Ungempa mtihani wa kipaimara siku ile angepata mia kwa mia. Alichofanya ni kuhamisha sahani kutoka meza hii kwenda meza ile. Basi. Paulo akasema hawaendi "sawasawa na ile kweli ya Injili", akamkemea mbele ya wote.

Na Petro huyuhuyu, kwenye mkutano wa Yerusalemu, Matendo kumi na tano, ndiye aliyesimama akauliza kwa nini mnaweka kongwa juu ya shingo za wanafunzi, ambalo baba zetu wala sisi hatukuweza kulichukua. Neno lake ni kongwa! Wasomi wanabishana lipi lilitangulia, Antiokia au mkutano ule. Kwangu haidhuru. Mtu aliyeielewa neema kuliko wengi aliipoteza mezani, kwa kuogopa wageni watasema nini. Hatari yetu kubwa ni hiyo hiyo. Ukiri wetu wa imani uko sawa, umechapwa vizuri, una jalada la bluu. Sahani ndizo zinazohama.

Mtaniambia, "Mzee, basi tusiwe na taratibu?" Subirini. Paulo alikwenda Yerusalemu na Tito, Mgiriki, watu wakataka atahiriwe, Paulo akakataa hata kwa saa moja. Kisha Matendo kumi na sita, Paulo huyohuyo anamchukua Timotheo na kumtahiri kwa sababu ya Wayahudi wa sehemu zile. Kigeugeu? Hapana. Kisu ni kilekile, tofauti ni kisu kimeulizwa kazi gani. Kwa Timotheo kilifungua mlango wa sinagogi ili apite na Injili. Kwa Tito kilitakiwa kuwa tiketi ya kuingia kwa Mungu. Pale Paulo akasema hapana.

Kwa hiyo bahasha si dhambi. Umeme wa kanisa unalipwa kwa fedha, mwinjilisti ana watoto wanaosoma. Mimi mwenyewe natoa ahadi yangu na nitaendelea kutoa. Swali ni moja tu: bahasha hii imepewa kazi gani? Siku niliyoiuliza kama huyu mama azikwe na kanisa lake au asizikwe, niliipa kazi ya damu ya Yesu.

Hapo Paulo ana sentensi ambayo natamani ingebandikwa juu ya mlango wa kila ofisi ya usharika. "Siibatili neema ya Mungu; maana ikiwa haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure."

Suala la mavazi ya mabinti nitalipita haraka, kwa sababu tumelipa muda mwingi kuliko tulivyowapa wajane. Suruali, nywele za kusuka, hereni. Nimekaa kwenye kikao cha wazee kilichojadili urefu wa sketi za kwaya kuanzia saa tatu hadi saa saba, na ajenda iliyofuata, ya yatima wawili wa usharika, ikaahirishwa kwa kukosa muda. Sitasema zaidi.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la kutengwa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia.

Binti anapata mimba kabla ya ndoa. Anatengwa na Meza ya Bwana. Baada ya miezi anaitwa mbele, anaketi kwenye benchi la peke yake, jina lake linasomwa, usharika wote unamtazama, ndipo anarudi kundini. Mtoto wake anabatizwa siku ya kazi, kanisa likiwa tupu, kana kwamba mtoto ndiye aliyevunja amri. Kijana aliyempa mimba, siku ile yuko wapi? Mara nyingi yuko kwenye gitaa la besi.

Sisemi hivi ili niseme uzinzi si kitu. Nasema tazameni sheria zetu zinakamata nini. Zinakamata kinachoonekana: tumbo, suruali, bahasha. Mzee anayempiga mkewe usiku hana tumbo la kuonekana. Anayesengenya, anayedhulumu mpaka wa shamba la mdogo wake, anayelipa dada wa kazi nusu ya alichoahidi, hao wote daftari haliwaoni, na Jumapili wanapokea vikombe vyao bila shida. Watu husema mshika sheria ni mtu aliyezidisha ukali. Mimi, baada ya miaka sita ya kalamu nyekundu, nadhani ni kinyume chake. Mshika sheria ameipunguza sheria ya Mungu mpaka ikatosha kwenye safu tatu za daftari, ili yeye mwenyewe aweze kufaulu. Bwana Yesu alipoisoma sheria ileile mlimani aliipeleka kwenye hasira na kwenye jicho la tamaa, na hapo hakuna hata mmoja kati yetu aliyebaki na alama ya vyema.

Sasa sikieni Wagalatia tano mstari wa nne, na msikie kitenzi. "Mmetengwa na Kristo, ninyi mtakao kuhesabiwa haki kwa sheria, mmeanguka na kutoka katika hali ya neema." Mmetengwa! Neno letu lenyewe la kikao cha wazee. Paulo ana orodha yake ya waliotengwa, na yule binti wa benchi la mbele simwoni humo. Ninaowaona ni wale wenye daftari.

Nidhamu ya kanisa ipo, na lazima iwepo. Paulo huyohuyo aliwaagiza Wakorintho wamwondoe mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake. Lakini msiishie hapo. Endeleeni kwenye waraka wa pili, sura ya pili, mahali anapozungumza juu ya mtu aliyekwisha kuadhibiwa. Anawaambia sasa mmsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Ana haraka ya kumrudisha. Sisi haraka yetu ni ya kumtoa. Ya kumrudisha tunasubiri kikao cha robo mwaka, na mwenyekiti akisafiri tunasubiri kingine.

Na kwa ninyi vijana mnaotoka huku mkicheka kwamba wazee wetu ni washika sheria na mmehamia kwenye mahema ya kisasa: huko nako nimefika. Nimekuta maji ya upako yana bei, na mafuta yana bei. Nimesikia mtu akiambiwa uponyaji wake umechelewa kwa sababu mbegu aliyopanda ni ndogo. Huko wamevua tai na kuleta spika kubwa, lakini karani bado ameketi mlangoni.

Kuna swali nililoulizwa na mchungaji kijana jana usiku, na ni la haki. Aliniuliza, "Mzee, ukiwaambia watu wote ni bure, nani atakuja kufanya kazi ya Mungu?" Paulo aliulizwa karibu hivyohivyo. "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Jibu lake si kurudisha masharti kwa mlango wa nyuma. Anasema tumeifia dhambi, tutaishije tena humo? Lakini nitajibu pia kwa nilichokiona mimi.

Kaka mkubwa wa mwana mpotevu, yule aliyebaki nyumbani, sikieni anavyoongea na baba yake: "Tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii, wala sijakosa amri yako wakati wo wote, lakini hujanipa mimi mwana-mbuzi." Miaka yote ile alikuwa na daftari lake. Alikuwa mtoto wa nyumba, mwungwana, mali yote ni yake, naye akaishi kama kibarua anayesubiri mwisho wa mwezi. Alifanya kazi, ndiyo. Lakini ngoma ilipopigwa hakuweza kuingia ndani. Mdogo wake naye alikuja njiani akiwa amekariri sentensi, "unifanye kama mmoja wa watumishi wako", na alipofika baba hakumpa nafasi ya kuimaliza. Alikuwa ameshaagiza joho. Watoto wote wawili walikuwa wakiomba utumwa. Mmoja alikatizwa, akavishwa. Wa pili, Luka hatuambii kama aliingia.

Nilipoacha uhazina nilikwenda nyumbani kwa yule kijana. Ilikuwa imepita miaka minne. Baba yake alikuwa bado hai, anaelewa lakini haongei vizuri, ameketi nje kwenye mkeka. Nilikuwa na fedha ile kwenye bahasha ya kawaida, isiyo na namba. Nikasema nilichokuja kusema, na sikukisema vizuri. Kijana akaingia ndani, akatoka na Biblia ya mama yake, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, akaifungua. Stakabadhi yangu ilikuwa mle, imekunjwa mara mbili. Akaniambia, "Baba, hii tuliitunza kwa sababu ndiyo karatasi ya mwisho yenye jina lake." Fedha alikataa. Akaniuliza kama nimekula.

Nilikula. Vitumbua, alikaanga mkewe, na mzee yule wa mkekani alisisitiza kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi kwamba niongezwe cha tatu.

Mwezi ujao kwetu kuna wawili watakaorudi kundini. Nimeomba ruhusa ya mchungaji niketi nao kwenye lile benchi la mbele, na amekubali. Mzee mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza, "Kwani wewe umefanya nini?" Nikamwambia aje akae, benchi ni refu, nitamsimulia kabla kengele haijapigwa.

Asanteni.